Sarufi Mbele ya Boila

Mhariri aliponitaka niandike makala ya kuelimisha, bila shaka alitarajia niandike kuhusu ngeli, methali au utungaji wa insha. Badala yake nimeamua kuandika juu ya sarufi ya Kiingereza na boila la kiwandani, yote kwa pamoja. Najua kuna watakaoguna na kuuliza, "Kwani huyu ana nini? Boila na sarufi wapi na wapi?" Hebu nivumilieni kidogo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nami naongeza kwamba kujibu usilolijua ni zaidi ya ujinga, na nitawaonyesha kwa kisa kilichonipata mwenyewe.

KISA CHENYEWE

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilikwenda likizo ya Desemba kwa mjomba wangu, upande wa Kericho. Mjomba alikuwa mchochea moto katika kiwanda kimoja cha majani chai. Wenyewe kazini huitana "fayamani". Kiwanda cha chai hakiendi bila mvuke. Mvuke ndio unaopasha joto hewa ya kunyaushia majani mabichi, na ndio unaopasha joto hewa ya kuyakaushia baada ya kusagwa. Mvuke huo hutoka katika boila, na boila ya pale ililishwa kuni usiku na mchana.

Kila jioni nilikuwa nikimpelekea mjomba chakula. Siku moja nilimkosa, alikuwa ametoka nje kuhesabu kuni. Nilimkuta kijana mmoja, kibarua mpya, ambaye alikuwa akijifunza kazi. Ukutani kulikuwa na ubao mkuukuu wa bati wenye maandishi meupe ya Kiingereza:

DO NOT OPEN FEED VALVE UNLESS WATER SHOWS IN GLASS.

Yule kijana akaniambia, "Bwana mdogo, wewe ndiwe wa sekondari. Hebu niambie, hapo pamesemwa nini?"

Laiti ningalisema sijui! Lakini mwanafunzi wa Kidato cha Pili, tena aliyepata alama nzuri za Kiingereza muhula ule, atasema hajui? Nikauangalia ubao. Maneno yote niliyajua ila "unless". Nikaona ndani yake mna "less", nami najua "less" ni pungufu. Nikakohoa kama mwalimu, nikamwambia, "Hapo wanasema hivi: usiifungue vali ya maji ovyo, ila maji yakipungua hata yasionekane kwenye kioo, basi hapo fungua uongeze." Akatikisa kichwa. Maneno yangu yaliingia akilini. Si hata sufuria ya chai jikoni ikikaukiwa tunaongeza maji?

Siku tatu baadaye, mnamo saa mbili usiku, nilikuwa pale nikisubiri vyombo vya chakula. Chujio la pampu ya maji liliziba kwa matope, pampu ikawa inazunguka bure. Maji yakashuka kwenye kioo, yakashuka, yakatoweka kabisa. Mjomba alikuwa upande wa pili akipanga kuni. Yule kijana akakumbuka somo langu. Akaiwasha pampu ya akiba, akalishika gurudumu la vali ya maji ili alizungushe.

"Ebo! Acha! Toa mkono!" Mjomba alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. Alikuja mbio, akampiga yule kijana kikumbo, akaizima pampu, akazima feni ya kupulizia moto, akafunga njia za hewa. Kisha akatuamuru sote tutoke nje. Boila ikaachwa ipoe yenyewe hadi kesho yake. Fundi alipoikagua alikuta mabomba mawili yamelegea yanavuja, kwa sababu ya kuungua bila maji. Akasema, "Kama mngeongeza maji baridi pale, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

Mjomba alipouliza nani aliyemfundisha yule kijana kufanya hivyo, kijana alinyamaza. Hakunitaja. Ilinibidi niseme mwenyewe. Mjomba aliniangalia kwa muda, akasema, "Mpwa wangu, neno usilolijua ni kama vali usiyoijua. Usiliguse."

Basi niliporudi shuleni nilijifunza mambo mawili kwa bidii: boila ni nini na vyombo vyake hufanya nini, na pia aina za maneno ya Kiingereza ni zipi na hufanya nini. Nikagundua kwamba masomo hayo mawili hufundishwa kwa njia moja tu, nayo ni njia ya fasili.

FASILI NI NINI?

Fasili ni maelezo mafupi yanayotuambia kitu ni cha jamii gani, na kinatofautianaje na wenzake katika jamii hiyo. Ukisema, "Boila ni chombo cha kuchemshia maji," umetaja jamii, lakini hujatoa tofauti. Birika nalo ni chombo cha kuchemshia maji, na sufuria pia. Fasili iliyo bora ni hii: boila ni chombo kilichofungwa pande zote, ambamo maji hugeuzwa kwa joto kuwa mvuke wenye presha, ili mvuke huo ukatumike mahali pengine. Sasa sufuria imetoka, maana haikufungwa. Birika nalo limetoka, maana mvuke wake hauna kazi ila kutuarifu kwamba chai iko tayari.

Neno "presha" ndilo kiini cha mambo yote. Maji ya kando ya bahari huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Kule Kericho, ambako ni juu kiasi cha mita 2,000, huchemka mapema, kwenye nyuzi 93 hivi, maana hewa ya juu ni nyepesi. Ndani ya boila mambo ni kinyume. Presha ikiwa mara kumi zaidi ya ile ya hewa ya nje, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 184. Tena maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hupanuka mara 1,600 na zaidi. Lita moja ya maji inataka nafasi ya lita elfu moja mia sita! Fikiria basi maji ya boila nzima yakipasua njia na kutoka kwa mara moja. Huo ndio mlipuko wa boila.

VYOMBO VYA BOILA

1. Tanuri: chumba cha boila ambamo kuni, makaa au mafuta huchomwa. Chini yake huwa na chanja ya chuma ya kuzuia kuni, na majivu hupenya yakaanguka chini.

2. Mabomba: njia nyingi nyembamba ambazo kwazo joto la moto huingia majini. Ziko namna mbili. Katika boila za namna ya kwanza moto na moshi hupita ndani ya mabomba, na maji huwa nje yake. Katika namna ya pili maji ndiyo yapitayo ndani, na moto huwa nje.

3. Dohani: bomba refu la kutolea moshi. Kazi yake nyingine ni kuvuta hewa mpya iingie katika tanuri.

4. Pampu ya maji: mashine ya kusukuma maji ndani ya boila. Maji hayawezi kuingia yenyewe kutoka katika tangi, maana presha ya ndani huyarudisha nje. Ni lazima yasukumwe kwa nguvu zaidi ya ile ya mvuke.

5. Vali ya kuzuia: vali inayoruhusu maji kuingia katika boila, lakini haiyaruhusu kurudi kwenye pampu.

6. Kioo cha maji: bomba la kioo lililosimama wima, ambalo juu limeungana na chumba cha mvuke na chini limeungana na maji. Maji ya ndani yakipanda nayo ya kiooni hupanda, yakishuka nayo hushuka. Hilo ndilo jicho la mchochea moto. Jicho nalo huugua: njia zake zikiziba kwa tope, kioo kitaonyesha maji ambayo hayapo. Kwa hiyo hupulizwa na kusafishwa kila zamu.

7. Geji ya presha: saa yenye mshale mmoja, inayoonyesha nguvu ya mvuke. Huwa na alama nyekundu ambayo mshale usiipite.

8. Vali ya usalama: vali inayofunguka yenyewe presha ikizidi kipimo kilichowekwa, ikatoa mvuke nje, kisha ikajifunga presha ikishuka. Haingoji amri ya mtu. Mfaransa Denis Papin, aliyetengeneza chungu cha mvuke mwaka wa 1679, ndiye anayesifiwa kwa kuibuni.

9. Vali kuu ya mvuke: mlango ambao mvuke hutokea kwenda kazini.

10. Vali ya kutolea tope: iko chini kabisa. Maji yakigeuka mvuke huacha nyuma chumvi na uchafu, kama ule ukoko mweupe wa ndani ya birika. Ukoko huo ukizidi, joto halipiti vizuri, na chuma huungua.

11. Plagi ya kuyeyuka: kizibo cha chuma ambacho kitovu chake ni madini laini kama risasi au bati. Hukaa juu ya tanuri chini ya maji. Maji yakipungua, kizibo huyeyuka, na mvuke hupenya chini kwa kelele ili kutoa onyo. Fundi Mwingereza Richard Trevithick alianza kuitumia baada ya mwaka wa 1803, ambapo boila mojawapo ya zake ililipuka kule Greenwich na kuua watu 4. Ndipo pia alipoanza kuweka vali mbili za usalama badala ya moja.

Ukichunguza fasili hizi utaona zinakwenda kwa mtindo mmoja: jamii kwanza, halafu kazi. Sasa tuyatazame maneno.

AINA NANE ZA MANENO

Kiingereza, kama tulivyofundishwa, kina aina nane za maneno. Jambo la kutufurahisha sisi wapenzi wa Kiswahili ni kwamba majina tuliyoyapa aina hizo yanajieleza yenyewe. Kitenzi kinatokana na "tenda", kielezi na "eleza", kiunganishi na "unganisha". Ni sawa na tunavyosema kipimo, kifuniko na kichujio: lile "ki" la mbele hutuambia hiki ni chombo cha kazi fulani. Mwanafunzi wa Kiingereza hukariri "conjunction" kama kasuku. Mwanafunzi wa Kiswahili akisikia "kiunganishi" tayari ana nusu ya fasili mkononi.

NOMINO ni neno linalotaja mtu, kitu, mahali au jambo. "Valve", "water" na "glass" ni nomino. Hapa Kiingereza kina mtego. Nomino mbili zikifuatana, ya kwanza humwelezea mwenzake, na ya mwisho ndiyo mkuu. Sisi Waswahili huanza na mkuu. "Fire tube" si moto wa bomba bali ni bomba la moto, yaani lile ambalo moto hupita ndani yake. "Water tube" ni bomba ambalo maji hupita ndani. Ukibadilisha neno la kwanza umebadilisha boila nzima, kama tulivyoona katika namba 2.

KIWAKILISHI ni neno linalosimama badala ya nomino. Hapa Kiswahili kinashinda, na sisemi kwa upendeleo. Mwingereza akisema, "If the pump fails while the fire is burning, stop it," hilo "it" ni pampu au ni moto? Msikilizaji abahatishe mwenyewe. Sisi tunasema "izime" au "uzime". Ya kwanza ni pampu, ya pili ni moto. Ngeli, ambazo baadhi yenu huzichukia kwenye mtihani, ndizo zinazotuondolea mashaka.

KITENZI ni neno linalotaja tendo au hali. "Open", "close" na "stop" ni vitenzi, na vikiwa mwanzoni mwa sentensi kama hivyo bila mtenda, huwa ni amri. Lakini angalieni "check". Shuleni tunalijua kwa maana ya kuangalia, na mtu angedhani "check valve" ni vali ya kukagulia. La, hasha! Neno hilo lina maana nyingine, kuzuia. Ndiyo ile vali ya kuzuia maji yasirudi, namba 5 hapo juu. Kuwa na fasili moja tu ya neno lenye maana mbili ni hatari.

KIVUMISHI ni neno linaloeleza zaidi kuhusu nomino. "Low water" ni maji yaliyopungua. "Dry steam" ni mvuke mkavu. Ati mvuke mkavu? Ndiyo. Ni mvuke usiobeba matone ya maji ndani yake, na huo ndio unaotakiwa kazini.

KIELEZI ni neno linaloeleza jinsi, wakati au mahali tendo linapotendeka. "Open slowly" humaanisha fungua polepole. Neno hilo la pili si pambo. Vali kuu ya mvuke ikifunguliwa kwa ghafla, mvuke huyarusha maji yaliyolala ndani ya bomba, yakagonga kama nyundo hata bomba likapasuka. Mwanafunzi anayeruka kielezi kwenye ufahamu hupoteza alama moja. Kule hupotea bomba.

KIHUSISHI ni neno linaloonyesha uhusiano wa kitu na kingine, hasa wa mahali au wakati, kama "in", "above" na "below". "Keep water above this mark" na "Keep water below this mark" zimetofautiana kwa neno moja tu.

KIHISISHI ni neno la kutoa hisia kali, halina uhusiano wa kisarufi na maneno mengine katika sentensi. Mjomba aliposema "Ebo!" hicho kilikuwa kihisishi. Aliposema "Acha!" hicho kilikuwa kitenzi. Mshangao ulitushtua, lakini kitenzi ndicho kilichotuambia la kufanya.

KIUNGANISHI nimekiweka mwisho kwa makusudi. Ni neno linaloungana na kuunganisha maneno, virai au vishazi. Viko viunganishi vya kujumlisha tu, kama "and". Lakini viko vingine vinavyoleta sharti: "if" ni ikiwa, na "unless" ni isipokuwa, au ikiwa siyo. Hivi vya sharti ndivyo vali za sentensi. Ndivyo vinavyoamua maana ipite au isipite.

TURUDI KWENYE UBAO

Sasa tuuchambue ule ubao ulionitia aibu. Kishazi kikuu ni "Do not open feed valve": usifungue vali ya maji. Kishazi tegemezi ni "water shows in glass": maji yanaonekana kiooni. Kiunganishi ni "unless". Tuweke "ikiwa siyo" mahali pake: usifungue vali ya maji ikiwa maji hayaonekani kiooni. Nami nilikuwa nimemwambia mtu afungue maji yasipoonekana! Nilikuwa nimeigeuza sentensi juu chini, miguu angani.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, nilipomweleza, alinifariji kidogo. Aliniambia kwamba "unless" kwa asili linatokana kweli na maneno "on less", yaani kwa sharti lililo pungufu ya hilo. Kwa hiyo pua yangu ilinusa vizuri. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kilichopungua ni maji, kumbe ni sharti. Asili ya neno si fasili yake.

Na je, kwa nini ubao ulikataza jambo ambalo akili ya jikoni inalikubali? Sababu ni tatu. Kwanza, chuma cha tanuri kisipofunikwa na maji hupata moto mkali mno, kikalainika na kupoteza nguvu. Pili, maji baridi yakikigusa chuma hicho, baadhi yake hugeuka mvuke kwa ghafla na presha hupanda. Tatu, chuma chenyewe hujikunja kwa kupoa ghafla, kikapasuka au viungo vikaachana. Chuma dhaifu na presha ya ghafla vikikutana, hapo hakuna boila tena.

Liko na la nne, ambalo ni la kisarufi. "Maji hayaonekani" si sawa na "maji hayapo". Kioo kikiwa kitupu na kioo kikiwa kimejaa hadi juu kabisa, kwa macho hufanana. Kwa hiyo asiyeyaona maji hajui kama yamekwisha au yamezidi, wala hajui yalitoweka tangu lini. Kazi ya kwanza ni kuzima moto na hewa, si kubahatisha kwa vali.

Msidhani natia chumvi. Tarehe 20 Machi mwaka wa 1905, boila moja ililipuka katika kiwanda cha viatu mjini Brockton, Marekani. Jengo liliporomoka na kushika moto, wakafa watu 58. Miaka miwili baadaye, 1907, jimbo lile la Massachusetts likatunga sheria ya boila, na baadaye wahandisi wa Marekani wakaandika kanuni za kuzitengeneza. Kwetu Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inataka boila ziwe na vyombo vya usalama na zikaguliwe na watu walioidhinishwa. Sheria zote hizo zimejaa fasili. Kabla ya kusema boila ikaguliwe, sheria husema kwanza boila ni nini. La sivyo mwenye kiwanda atasema chake ni birika kubwa tu!

UBAO MPYA

Likizo iliyofuata nilirudi kwa mjomba na kopo dogo la rangi nyekundu. Tulikuwa tumekubaliana na msimamizi wake. Mjomba aliniambia, "Safari hii uandike maneno ambayo hata nikiwa nimesinzia nitayaelewa. Usiweke 'ila' wala 'isipokuwa'." Tulikaa nje ya chumba cha boila tukayapima maneno kama mtu anayepima dawa. Yule kijana, ambaye sasa alikuwa mchochea moto kamili, naye alishiriki. Nilipoandika "endapo" yeye ndiye aliyesema, "Hilo nalo litoe." Mwishowe tukabaki na haya:

MAJI YAKITOWEKA KIOONI:
ZIMA MOTO.
FUNGA HEWA.
USIONGEZE MAJI.
MWITE FUNDI.

Hesabuni wenyewe. Sharti ni moja, limebebwa na "ki" iliyo ndani ya kitenzi "yakitoweka", wala hakuna kiunganishi cha kumteleza mtu. Amri ni nne, kila moja imesimama peke yake. Wa tatu ni ukanushaji mmoja ulio wazi. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Nadhani mahali pa kwanza pa kuitumia haki hiyo ni ukutani, karibu na mashine inayoweza kuua. Sikatai Kiingereza kisifundishwe. Nimesema jinsi nilivyokisoma kwa bidii baada ya mkasa ule. Ninachokataa ni kumwacha mtu mbele ya moto akisubiri mtoto wa sekondari amtafsirie, tena mtoto mwenyewe ni kama mimi nilivyokuwa.

MAZOEZI

Mwanafunzi mwenzangu, jipime kabla ya kutazama majibu.

(a) Toa fasili ya "kioo cha maji" kwa kutaja jamii na kazi yake.
(b) Katika "Feed water must be clean" na "Feed the boiler slowly", neno "feed" ni aina gani ya neno katika kila sentensi?
(c) Tafsiri kwa Kiswahili: "Do not light the fire unless the safety valve has been tested."
(d) "Vali ya kuzuia" na "vali ya usalama" zinatofautianaje?

Majibu: (a) Ni bomba la kioo lililounganishwa na boila, la kuonyeshea kimo cha maji yaliyo ndani. (b) Katika ya kwanza ni nomino inayofanya kazi ya kuvumisha "water", katika ya pili ni kitenzi. (c) Usiwashe moto ikiwa vali ya usalama haijajaribiwa. Aliyeandika "ikiwa imejaribiwa" aje tukae pamoja, mimi ndimi mwenyekiti wa chama hicho. (d) Ya kwanza huzuia maji yasirudi nyuma, ya pili hutoa mvuke nje presha inapozidi.

TAMATI

Wenzangu, kila siku watu hutuletea karatasi tuwasomee: barua za benki, maelezo ya dawa, mikataba ya mashamba. Hutuletea kwa sababu tumevaa sare ya shule. Ukijua, msomee. Usipojua, sema sijui, kisha ukatafute kamusi au umwulize mwalimu. Neno "sijui" ni vali ya usalama ya msomi: hufunguka lenyewe presha ya majivuno inapozidi.

Hapo natua kalamu yangu. Wasalaam.